Plagini ya adoni ya Heroku: imenibeba miaka mingi, ila siku moja nilijichinja nayo mwenyewe

Mimi sio mtu wa dashibodi. Hizi kurasa za kubonyezabonyeza zinataka intaneti iliyotulia, na huku kwetu ukisema tu intaneti imetulia inakusikia na kukatika, kwa hiyo tangu zamani kazi zangu zote za seva nazifanyia kwenye teminali, na kitu nilichokitumia kuliko vyote baada ya git, ile ya kutunza matoleo ya programu, ni zile komandi za addons za Heroku. Leo nimekaa nimeona niziandikie tathmini kabisa maana kila wiki kuna kijana ananiuliza aanze na nini, namwambia aanze na hii, halafu nasahau kumwambia ile sehemu inayouma.

Kwa ambao hamjawahi kuitumia, Heroku ipo tangu 2007, mwisho wa 2010 Salesforce wakatangaza kuinunua. Wewe unasukuma kodi yako, yaani programu uliyoandika, kwa git, wao wanaijenga na kuiendesha, hugusi Linux wala hujui seva iko chumba gani. Ila apu peke yake haiendi mbali, inataka databesi, inataka mahali pa kusomea logi, inataka kitu cha kutuma imeili, na hivyo vyote kwa Heroku vinaitwa adoni, vingine wanatengeneza wenyewe na vingine vinauzwa na kampuni nyingine kupitia kwao, bili inakuja moja. Plagini ninayoiongelea ndio inayosimamia hizo adoni kutoka kwenye teminali. Zamani ilikuwa kipande chake kinachojitegemea, siku hizi ukishusha CLI yao, yaani programu yao ya kuandikia komandi kwenye teminali, inakuja nayo ndani, lakini sisi tuliozoea bado tunaiita plagini.

Sasa utamu wake uko hivi. Unataka Postgres, aina ya databesi, unaandika hivi, hiyo -a ikitaja jina la apu

heroku addons:create heroku-postgresql:essential-0 -a kikoba-laivu

basi, umemaliza. Hujafungua poti, hujatunga pasiwedi, hujahariri faili lolote la usalama ukajifungia nje. Inakujibu inatengeneza, na hapo hapo kwenye mstari ule ule inakuandikia bei, takriban dola 0.007 kwa saa na haitazidi dola 5 kwa mwezi. Hicho kimstari cha bei mimi ndicho kilichonifanya niipende. Kuna huduma za klaudi unawasha kitu leo bei yake unaijua mwezi ujao ukiwa umekaa chini na kadi imeshakatwa, hawa wanakwambia kabla hujainua mkono kwenye kibodi. Na wanahesabu kwa muda uliotumia, kwa hiyo ukiwasha databesi ya kujaribia kitu jioni ukaifuta kabla ya kulala unalipa senti tu.

Databesi ikishakuwa tayari inajichomeka yenyewe kwenye apu yako, yaani inaweka DATABASE_URL kwenye konfigi na kuirestati apu. Kodi yako inasoma hiyo DATABASE_URL tu. Usije ukaikopi ile linki ukaibandika ndani ya kodi, nimeona watu wazima wanafanya hivyo, wao wana haki ya kubadilisha pasiwedi au kuhamisha databesi wakati wowote na konfigi inajiapdeti yenyewe, sasa wewe uliyebandika utabaki unalia na era ya kushindwa kuunganisha.

Kushusha hiyo CLI kuna njia kadhaa, ya npm, ya brew, ya skripti yao. Ushauri wangu kwa anayetumia bando la simu, shusha kwa npm. Ile ya skripti inajiapdeti yenyewe kimyakimya, jambo zuri kwa mtu mwenye faiba, ila kwangu mimi nimewahi kuandika komandi moja fupi ya kuangalia logi nikaona inaanza kujiapdeti kwanza, bando la siku lenyewe lilikuwa limebaki kiduchu. Ya npm haijiapdeti mpaka uiambie. Na kwa vile imeandikwa kwa Node, kila komandi inachukua muda kidogo kuamka, unaandika unasubiri, sio kama git unagusa tu imeshajibu. Sio tatizo kubwa, ila ukiwa na haraka utaliona.

Pesa. Hii lazima niiseme maana nusu ya wanaoniuliza wanakuja na picha ya zamani kichwani. Ule wakati wa bure umeisha. Mwezi wa nane 2022 walitangaza, tarehe 28 Novemba 2022 wakafunga kabisa vifurushi vya bure, databesi za bure zilizokuwa na kikomo cha mistari elfu 10 zikaondoka na apu za bure zikaondoka. Wengi wetu tulijifunzia pale, portfolio zetu zote zilikuwa pale, siku ile makundi ya madevelopa yalikuwa kama msibani. Sasa hivi Postgres ya chini kabisa ndio hiyo essential-0 ya dola 5, unapata GB 1 na miunganisho 20, inafuata essential-1 ya dola 9 yenye GB 10, halafu essential-2 ya dola 20 yenye GB 32, baada ya hapo unaruka moja kwa moja hadi standard-0 ya dola 50. Hilo ruko la mwisho ndilo linalochosha, maana mambo ya maana kama kurudisha databesi ilivyokuwa saa fulani yanaanzia huko kwenye standard, kwenye essential hayapo. Kumbuka hiyo sentensi tutairudia.

Na wanataka kadi. Mwenye kadi ya benki inayokubali malipo ya nje ni mteremko, asiye nayo atafute kadi ya mtandaoni. Kwa ndugu zetu wa Kenya ile M-Pesa GlobalPay ya Safaricom na Visa iliyotoka 2022 inatoa namba ya Visa moja kwa moja kwenye simu, huku mimi nilitumia kadi ya benki yangu ikakataliwa mara mbili, nikapiga simu nikaambiwa malipo ya nje yalikuwa yamefungwa kwa usalama wangu. Sawa.

Haya sasa tuje kwenye kilichonikuta.

Nina apu ya kikoba, kikundi cha kina mama ishirini na nane, wanakutana kila Jumamosi jioni. Hisa, mikopo, marejesho, mfuko wa jamii, faini za wachelewaji, vyote vinaingia humo, na kila mwanachama anapata meseji ya salio lake. Nilianza na apu ya majaribio, niite kikoba-jaribio, nikaitengenezea databesi yake, kina mama wakaanza kuijaribu, wakaipenda, wakaingiza data zao za kweli humo humo bila kunisubiri. Nilipokuja kutengeneza apu yenyewe ya laivu nikajiuliza kwa nini nihamishe data wakati plagini ina komandi ya attach? Ndio sifa yake moja kubwa kusema kweli, adoni moja unaweza kuichomeka kwenye apu mbili tatu, zote zinasoma databesi ile ile. Nikaandika

heroku addons:attach kikoba-jaribio::DATABASE --as DATABASE -a kikoba-laivu

ikakubali, sekunde chache tu, apu ya laivu ikaamka na data zote. Nilijiona fundi. Hizo koloni mbili katikati, kabla yake ni jina la apu, baada yake ni jina la kilichochomekwa, ukizizoea ni tamu sana.

Miezi ikapita. Jumapili moja asubuhi niko nyumbani nafanya usafi wa akaunti, naona kikoba-jaribio ipo tu haitumiki, nikasema hii ya nini. heroku apps:destroy -a kikoba-jaribio. Ikanionya itaifuta pamoja na adoni zake zote, nikapita juu ya onyo bila kulisoma vizuri, andika jina la apu kuthibitisha. Nikaandika jina, tena kwa raha, nikabonyeza enter. Ikajibu inaifuta kikoba-jaribio, na mbele yake kwenye mabano maneno matatu manne madogo, kwamba pamoja na adoni zake zote. Done.

Nilisoma yale mabano nikiwa nimeshanyanyua kikombe cha chai. Nikakiweka chini.

Nikafungua apu ya laivu, kurasa nyeupe, Application error. heroku config, DATABASE_URL haipo, imeondoka kama haijawahi kuwepo. Yaani adoni ina mwenye mali mmoja tu, ile apu iliyotengenezewa, hizo nyingine zote ulizochomeka ni wageni, mwenye nyumba akibomoa nyumba wageni hawaulizwi. Na iko essential, hakuna kurudisha saa nyuma. Kikoba huwa kinavunjwa mwezi wa kumi na mbili watu wanagawana, mimi nilikivunja kabla ya wakati peke yangu nikiwa na bukta.

Kilichoniokoa ni kwamba Ijumaa usiku nilikuwa nimefanya heroku pg:backups:capture na pg:backups:download kwa sababu nyingine kabisa, nilitaka kujaribu ripoti mpya kwenye laptopu, kwa hiyo latest.dump ilikuwepo. Nikatengeneza databesi mpya, safari hii ndani ya kikoba-laivu yenyewe, nikairudisha kwa pg_restore, ikapanda. Ila mkutano wa Jumamosi wote haukuwemo. Nikampigia simu mama mweka hazina nikiwa na maneno mengi ya kitaalamu mdomoni, shikamoo mama, marahaba mwanangu, kuna hitilafu kidogo ya mfumo. Akanisikiliza, akasema, "Sisi daftari hatujaacha kuandika mwanangu, njoo uchukue." Jumatatu nilikaa dukani kwake saa nzima kwenye kreti ya soda nikiingiza hisa za Jumamosi mstari kwa mstari, yeye anasoma, mimi naandika, na kila baada ya majina matano ananiuliza hiyo umeipata vizuri. Tukakuta na faini mbili ambazo kwenye mfumo hazikuwahi kuingia tangu mwezi uliopita, daftari linazo.

Kosa ni langu, sibishi, niliambiwa nithibitishe nikathibitisha. Lakini nikiitathmini plagini yenyewe kwa haki, hapa pana kitu cha kuangaliwa. Ukijaribu kufuta adoni yenyewe kwa addons:destroy na kuna apu nyingine imechomekwa humo, inataka uiongezee --force ndio ikubali, yaani mlango mdogo una komeo. Ila ukifuta apu nzima, ule mlango mkubwa, unapita na kila kitu kwa kuandika jina tu. Wangeorodhesha hapo kabla ya kuthibitisha kwamba databesi hii inatumiwa pia na apu fulani, mistari miwili tu, watu wangapi wangeokoka. Na taarifa wanayo! Ukiandika heroku addons -a kikoba-laivu, kwenye safu ya bei ya adoni ya kuazima hawaandiki bei, wanaandika kwamba inalipiwa na apu nyingine na jina lake wanalitaja. Nilikuwa nimeiona mara nyingi, nikadhani ni habari za bili, kumbe ndio hati ya nyumba. Kwa hiyo siku hizi kabla sijafuta chochote naandika kwanza heroku addons --all, inanipa adoni zote za akaunti na apu zinazozimiliki, naisoma taratibu kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja.

Majina nayo. Usipoipa adoni jina inajipa lenyewe, na wanapenda majina ya maumbo ya hisabati, utakuta postgresql-rectangular na namba tano mbele, au redis-concave, ukiwa na tatu nne akilini unakuwa umerudi form two kwenye jometri. Ukitengeneza weka --name uipe jina linaloeleweka, ila lisiwe ambalo mtu mwingine yeyote duniani ameshalichukua kwa sababu majina ni ya wote, kikoba-db nilikuta imeshachukuliwa sijui na nani. Ukisahau kuna addons:rename inabadilisha baadaye bila kugusa konfigi. Na --as ni kitu kingine, hiyo inabadilisha jina la konfigi, kwa mfano --as RIPOTI unapata RIPOTI_URL. Wanaoanza wanachanganya hizi mbili kila siku, name ni jina la kitu chenyewe, as ni jina ambalo apu yako inakiita.

Kuna upgrade na downgrade pia, kwa adoni nyingi inafanya kazi vizuri, unataja kifurushi kipya na imeisha. Kwa Postgres mimi nimezoea njia ndefu na ndiyo ninayoiamini, unatengeneza databesi mpya kubwa, unaweka maintenance:on ili watu wasiingize kitu, unafanya pg:copy kutoka ya zamani kwenda mpya, halafu pg:promote. Hiyo promote naipenda, inahakikisha kwanza databesi ya zamani ina jina jingine la akiba, kitu kama HEROKU_POSTGRESQL_WHITE_URL, ndio inahamisha DATABASE_URL kwenda kwenye mpya, kwa hiyo mambo yakienda kombo unarudi. Unaona hapo wamefikiria. Ya zamani usiifute siku hiyo hiyo, iache siku mbili tatu, dola zake ni ndogo kuliko usingizi.

Vitu vidogo vidogo ambavyo sikuvitegemea kuvipenda: addons:wait, maana databesi nyingine zinachukua dakika kadhaa kuwa tayari, ukiwa na skripti inayotengeneza kila kitu kuanzia sifuri unaiweka hapo inasubiri mpaka iwe tayari ndio inaendelea na maigresheni, yaani kupanga meza za databesi. Na --json kwenye orodha, nimeandika kiskripti kinachosoma hiyo json kila mwisho wa mwezi. Na addons:plans ukiandika mbele yake jina la huduma inakupa vifurushi vyote na bei, bila kufungua tovuti yoyote yenye picha za watu wanacheka mbele ya kompyuta. Ukiwa kwenye folda yenye rimoti mbili za git, ya majaribio na ya laivu, inakataa kubahatisha, inakwambia kuna apu zaidi ya moja chagua, hilo nalo linanikera na linaniokoa kwa pamoja, mimi nimejizoesha kuandika -a kila mara hata pasipohitajika.

Pale inaponiudhi kweli ni kwamba adoni nyingine plagini inakuishia mlangoni. Chukua Heroku Scheduler, ile ya kupanga kazi za kila siku, yenyewe ni ya bure na unaiweka kwa komandi moja, lakini kupanga kazi yenyewe huwezi kwenye teminali, lazima uandike addons:open scheduler ikufungulie brauza ukabonyeze huko. Na saa zake ni za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu. Hapa kuna kijana ninayefanya naye kazi nilimpa apange meseji za kuwakumbusha kina mama saa kumi na mbili asubuhi, Mswahili wa watu akatafuta kumi na mbili, akaona AM, akachagua 12:00 AM, akaseti. UTC hiyo ni usiku wa manane kwao, kwetu ongeza masaa matatu, kina mama ishirini na nane wakapokea meseji ya deni saa tisa usiku. Mwenyekiti alinipigia mimi, sio yeye. Kwa wanaoanza basi, saa kumi na mbili asubuhi yetu kwenye Scheduler ni 3:00 AM, iandikeni ukutani. Kinachochekesha ni kwamba komandi ya kupanga bakapu, pg:backups:schedule, yenyewe inaelewa majira ya kwetu, unaiandikia --at '02:00 Africa/Dar_es_Salaam' inakuelewa bila shida, nyumba moja lakini vyumba havisalimiani.

Ile Redis yao, hifadhi ya haraka ya data ndogondogo, siku hizi wameibatiza Key-Value Store ila kwenye komandi bado ni heroku-redis, kifurushi cha mini cha dola 3, ni nzuri kwa foleni ndogo na kumbukumbu za muda, ila mini haihifadhi kitu kwenye diski, ikirestati kimeondoka. Komandi ya create haikwambii hilo, inakwambia bei tu. Usiweke humo kitu ambacho ukikikosa utapigiwa simu. Na miunganisho yake ni ya TLS, yaani iliyofichwa kwa siri, yenye cheti walichojisainia wenyewe, laibrari yako itakataa mpaka uiambie isikague cheti, wengi wanakwama hapo siku nzima.

Mbali pia ni mbali. Kwa sisi wa vifurushi vya kawaida maeneo ni mawili, Marekani na Ulaya, Afrika hakuna, na usipotaja chochote unawekwa Marekani, kule Virginia. Ukitengeneza apu weka --region eu uende Ireland, angalau ni njia fupi kidogo kwa sisi wa huku, na adoni inafuata eneo la apu yake. Apu ikiwa Ireland halafu ukachomeka databesi ya apu iliyoko Virginia itakubali, lakini kila swali kwa databesi linavuka bahari kwenda na kurudi, kurasa moja yenye maswali thelathini utaisikia kwenye mifupa.

Watu wataniuliza kwa nini nisitumie Dokku, programu ya bure inayofanya kazi kama Heroku, kwenye VPS, yaani seva ya kukodi, ya bei ndogo. Natumia! Dokku ilianza 2013 kama skripti ya bash ya mistari mia hivi, leo ni kitu kizima, na plagini yake ya postgres imeiga ladha hii hii, unaandika dokku postgres:create halafu postgres:link, DATABASE_URL inaingia yenyewe. Kwa apu zangu binafsi na za majaribio zote ziko huko, seva moja inabeba kumi. Lakini huko mlinzi ni wewe, diski ikijaa usiku ni wewe, bakapu usipoipanga mwenyewe haipo, na kumwambia mweka hazina kwamba hela za watu ziko kwenye kiseva changu ninachokiapdeti nikikumbuka, hapana, sikuweza. Kikoba kimebaki Heroku, dola 5 za databesi na 5 za dyno za eco, yaani mashine inayoendesha apu, wanachama wenyewe wameziweka kwenye bajeti ya kikundi chini ya mfuko wa jamii, wameandika "intaneti ya mtoto".

Kwa hiyo nyota zangu ni nne kwa tano. Ile ya tano nawashikia mpaka watakapoweka hiyo mistari miwili kwenye apps:destroy. Na kama unaanza leo, tengeneza databesi ndani ya apu ya laivu kwanza, hiyo ya majaribio ndio iwe mgeni, au ipe ya kwake kabisa. Panga pg:backups:schedule siku hiyo hiyo unayowasha, na mara moja kwa wiki shusha moja kwenye laptopu. Mimi yangu naishusha Jumamosi usiku, mkutano ukishaisha, mama mweka hazina huwa ananitumia meseji moja tu: "umeshusha?"